Sahani Iliyokaidi Amri

Shemeji yangu haamini mbao. Nilimwambia mapema kwamba fremu ya kutundikia shabaha za chuma hutengenezwa kwa mbao za inchi 2 kwa 4, kwa sababu ipo siku risasi itaikosa sahani inayolengwa na kugonga mguu wa fremu. Mbao huimeza risasi. Unabadilisha mguu, maisha yanaendelea. Bomba la chuma huirusha kusikojulikana. Shemeji akanisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima zote, halafu akaenda kununua mabomba.

"Shemeji, mimi sikosi," akasema.

Mtu wa namna hiyo utamjibu nini?

Fundi wa kuchomelea akatutengenezea miguu miwili yenye umbo la A na bomba moja la kulala juu, kila kipande kikichomoka ili vyote vitoshe kwenye buti la gari. Hapo sina neno, kazi ilikuwa safi. Balaa lilianza alipoikamata sahani yenyewe na kutaka kuichomelea pete za mnyororo. Niliudaka mkono wake hewani. Ile ni AR500, chuma kilichopikwa hadi ugumu wa kama 500 kwenye kipimo cha Brinell. Ukikichomelea, pale ulipopitisha moto panalainika, na risasi ikipiga palipolainika inachimba kishimo. Kishimo hicho ndicho kinachoweza kumrudishia mpigaji vipande vya risasi yake. Fundi akaweka vifaa vyake chini polepole, akatuuliza kama tuna kibali cha mambo haya.

Sahani yenyewe, upana sentimita 30 na unene milimita 10, ina kama kilo 5.5 tu. Mzigo ulikuwa fremu. Tulipoijaribu na kuisukuma kidogo, ikapiga magoti. Shemeji akaagiza mabomba yajazwe mchanga. "Itatulia," akasema. Ikatulia kwelikweli, hatukuweza kuinyanyua. Kitu kilichokusudiwa kubebwa na mtu mmoja kikawa kinataka watu wanne, wawili kati yao wakilalamika njia nzima.

Ikabaki habari ya kutundikia. Mimi nilitaka vipande vya mkanda mnene wa mpira, ule wa kusafirishia mizigo viwandani, maana risasi ikiutoboa, mara nyingi bado unashika. Mnyororo pete moja ikikatika, kwisha habari. Shemeji akasema mnyororo unapendeza. Tulichokubaliana ni kimoja: sahani iinamishwe mbele nyuzi 20 hivi, ili vipande vya risasi vielekee ardhini.

Uwanjani kuna kilima cha udongo nyuma ya shabaha, mita 100 kutoka kwa wapigaji, umbali ambao kwa bunduki hushauriwi kuupunguza. Ardhi inateremka kuelekea kwenye meza zetu, na katikati pana kijia kilichokanyagwa hadi kikawa kigumu. Shemeji akataka fremu ipandishwe kwenye mteremko wa kilima, juu kabisa ya kijia hicho, "ionekane vizuri."

Tukaanza kushindana. Mlio wa sahani ukipigwa ni mtamu mno, unakufikia umechelewa kidogo, na unakusahaulisha kwamba kila risasi inapopasuka, vipande vyake hutawanyika kandokando ya uso wa chuma. Mnyororo wetu ulikuwa hapo hapo jirani, ukiliwa kidogo kidogo huku ukipendeza.

Risasi ya mwisho ya Shemeji ikatua. Tiiing! Upande mmoja wa mnyororo ukakatika, sahani ikapinduka, ndoano ya upande wa pili ikaachia. Sahani ikaangukia ukingo wake, ikasita kama inayotafakari, kisha ikashika kijia.

"Sitisha! Wote sitisha!" akapiga kelele mzee msimamizi. Amri hiyo ina maana moja: bunduki zinaachwa wazi, hakuna anayezigusa, na hakuna anayevuka mstari kwenda mbele. Tukarudi nyuma wote, watiifu. Sahani haikusitisha.

Ikawa hakuna anayeruhusiwa kwenda kuipokea. Tukasimama na vifunika masikio vyetu, tukiitazama ikija. Kuna mahali iliyumba, tukashusha pumzi. Ikagonga kokoto, ikajinyoosha na kuongeza mwendo.

"Jamani, inakuja kwetu," mmoja akasema.

"Inakuja kwa mwenyewe," mzee akamsahihisha.

Kweli. Iliziacha meza nyingine zote, ikaubamiza mguu wa meza ya Shemeji hadi kila kilichokuwa juu kikaruka, ikazunguka pale chini kwa makelele, kisha ikalala chali. Shemeji akaikagua kwa mbali, akageuka.

"Mzee, ile yangu ya mwisho nimeipata au sijaipata?"

Mzee akainama, akapapasa doa la risasi kwenye uso wa sahani.

"Umeipata," akasema. "Na yenyewe imekupata. Andika sare."