Prosesa ya Hajati

Hajati anauza vitenge kwa jumla Kariakoo, na seva yake, kompyuta kuu ya duka, inaishi chini ya ngazi. Ngazi zenyewe ni za mbao, zile zenye uwazi kati ya kidato na kidato. Seva imelazwa ubavu kwenye kona, imebanwa na marobota kulia na kushoto. Ukitaka kuifikia unapanda juu ya robota, unainama kama mtu anayechungulia kisima. Hilo la kuinama liweke akilini.

Jumatano moja ya mwisho wa mwezi umeme ulikatika mara tatu ndani ya nusu saa, na mara ya tatu ulirudi kwa hasira. Seva ikawasha feni, ikawasha taa ya kijani, kioo kikabaki cheusi tii. Hajati akanipigia simu.

"Mwanangu, mashine inapumua lakini haisemi."

Nilifika saa mbili usiku. Maduka yalikuwa yamefungwa, mtaani yamebaki malori yanayoshusha mizigo, na mlangoni yupo Babu mlinzi na redio yake. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza kama nitachelewa. Nikamwambia nusu saa tu, Babu.

Kompyuta yoyote ikiwashwa hujikagua kwanza, kama abiria anayejipapasa mifuko kabla ya kushuka daladala: prosesa, ule ubongo wa mashine, ipo? RAM, kumbukumbu yake ya kazi, ipo? Kadi zipo? Ikikosa kitu kabla kioo hakijawaka, haina namna ya kukuandikia, hivyo nyingi za zamani hupiga milio na wewe unahesabu. Mimi nilikuwa na jedwali la milio ya BIOS, yaani programu ya kuamshia mashine, zile za kampuni ya AMI, za zamani hasa, nililoliprinti tangu chuo na kulifunika kwa nailoni. Jedwali hilo nilikuwa nalipenda kuliko cheti changu.

Nikawasha, nikatega sikio. Pi, pi, pi, pi, pi. Mitano! Jedwali likasema mitano ni prosesa. Nikazima, nikawasha tena ili nijiridhishe. Safari hii ikawa kumi na moja. Fundi mwenye akili timamu angejiuliza inakuwaje mashine moja, ugonjwa mmoja, hesabu mbili. Mimi nikashuka chini kwenye jedwali: kumi na moja ni kache, ile kumbukumbu ndogo ya haraka. Na kache inakaa wapi? Ndani ya prosesa. Nikajipigia makofi moyoni.

"Fundi, unahesabu nini?" Babu akauliza.

"Milio, Babu. Mashine inaongea."

Akaguna. Nikaona amevutiwa.

Kesho yake sikutaka kumla Hajati hela kwa ushahidi wa masikio peke yake. Nikanunua ile kadi ndogo ya kupimia mazabodi, bao kuu linalobeba vipande vya kompyuta, kwa shilingi 15,000. Unaichomeka kwenye nafasi ya PCI, tundu la kuongezea kadi, nayo ina vioo viwili vidogo vya namba kama vya saa ya mezani. Kila hatua ya ukaguzi mazabodi hutuma namba yake, kadi inaionyesha, na mashine ikigandia mahali unabaki na namba ya hatua iliyoshindikana. Maandishi yote ya kadi yangu yalikuwa ya Kichina, kwa hiyo sikuwa na njia ya kujua wapi ni juu yake na wapi ni chini. Wakati huo, kusema kweli, hata sikujiuliza.

Taa ya chini ya ngazi iliungua zamani. Babu akakaa upande wa pili, kwenye kidato cha tatu, akapitisha tochi ya simu yake kwenye ule uwazi. Mimi nikapanda robota, nikainama. Namba zikakimbia, zikasimama.

"Hamsini na sita!" nikatangaza.

Nikatafuta kwenye simu. 56, kwa BIOS za AMI za miaka ile ya 2012 kama ya Hajati: aina au kasi ya prosesa haikubaliki. Jamani, hapo pia ningeweza kushtuka. Prosesa ile ilikuwa imekaa kwenye mazabodi ile ile miaka yote bila ugomvi, leo inakataliwa kama mkwe aliyesahau mahari? Lakini nilikuwa na mashahidi watatu: milio mitano, milio kumi na moja, na 56. Watu hufungwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Nikampigia Hajati. Akatoa shilingi 160,000 za prosesa ya mtumba. Alizitoa bila neno, na hilo ndilo liliniuma zaidi baadaye, kwa sababu dukani wasichana wake walikuwa tayari wanaandika risiti kwa mkono kwenye kaunta buku na wateja wa kutoka mikoani wananung'unika.

Nikang'oa feni, nikafuta pesti ya zamani ya kupitishia joto, nikaweka prosesa mpya na pesti mpya, taratibu kama mtu anayembeba kifaranga. Nikawasha.

56.

Nikairudisha ile ya zamani. 56. Nikasafisha miguu ya RAM kwa kifutio cha penseli, kwa kukata tamaa tu. 56. Siku ya tatu jioni jasho lilikuwa linanidondokea hadi kwenye marobota, na nilikuwa naandaa maneno ya kumwambia Hajati kwamba mazabodi nzima imekufa. Macho yalikuwa yanawasha, siyaamini tena.

"Babu, hebu nisaidie kuangalia. Bado hamsini na sita?"

Babu akasogeza tochi. "Hapana."

Moyo ukaruka. "Imebadilika?"

"Haijabadilika. Ni ile ile tisini na tano."

"Ile ile ipi?"

"Ile ya tangu jana."

Nikashuka kwenye robota. Nikazunguka. Nikapanda ngazi, nikakaa kidato cha tatu kando ya Babu, nikachungulia kwenye uwazi. 95. Wala haikuwa na haya.

Andika 95 kwenye karatasi uigeuze kichwa chini, utaona nilichokuwa nakiona siku mbili.

"Babu, mbona hukuniambia?"

"Nilikusikia unasema hamsini na sita, nikajua ndiyo hesabu za kompyuta. Nyie mna za kwenu." Akazima tochi kuokoa chaji. "Si kama usiku ule ulivyokuwa unahesabu lori la mchele likirudi nyuma? Nikasema huyu kijana kasoma."

Nilirudi kukagua. Seva ya Hajati haina spika. Hata kijispika cha kubandika kwenye mazabodi hakimo. Haijawahi kulia tangu izaliwe.

Basi 95 ni hatua ambapo kadi za PCI zinaomba mgao wao wa anwani na kumbukumbu. Ni kama wapangaji kwenye bomba moja: mmoja akiweka ndoo asiondoke, nyumba nzima inalala na kiu. Kioo chenyewe huunganishwa kwenye 97, ndiyo maana kilikuwa cheusi muda wote. Na mpangaji mwenye ndoo nilimjua mara moja. Kwenye nafasi ya mwisho kulikuwa na kadi ya faksi. Miaka miwili nyuma Hajati aliniuliza kama tuitoe, maana faksi haitumiki. Nikamjibu, "Iache tu Hajati, haili ugali."

Skrubu moja. Nikaing'oa, nikawasha. 95 ikapita, ikaja 96, namba ambayo ningeisoma sawa hata ningekuwa nimening'inia kama popo, kisha 97, na kioo kikawaka. Babu akapiga makofi mawili, akarudi kwenye redio yake.

Asubuhi nilimpelekea Hajati ankara. Prosesa nilisema nitaibeba mwenyewe, niiuze nimrudishie fedha yake. Ya kazi ya siku tatu niliandika 95,000, na wallahi sikuipanga, ndivyo hesabu ilivyotoka. Hajati akavaa miwani, akasoma. Mlangoni Babu alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Hajati akamtazama Babu, akanitazama mimi, kisha akaigeuza karatasi kichwa chini. Sufuri tatu zilikuwa zimehamia mbele, lakini hazikumsumbua.

"Mwanangu," akasema, akifungua droo ya hela, "mimi hapa naona hamsini na sita."