Kabla ya Kibodi, Kiondo

"Mwalimu, kompyuta hujuaje kwamba imefika mwisho?"

Aliyeuliza ni mvulana wa miaka 13. Alikuwa ameandika mistari minne ya Python, lugha ya kuandikia programu, akaiendesha, na skrini ikaanza kumwaga neno lilelile bila kukoma. Nilimwonyesha vitufe vya kuikatiza, akatulia, lakini mimi sikutulia. Nilikuwa nimemfundisha namna ya kuanza kurudia jambo. Namna ya kuacha sikuwa nimemfundisha.

Darasa letu la Jumamosi liko Eastlands, Nairobi, kwenye ukumbi wa kuazima wenye kompyuta sita na watoto wanaozidi ishirini. Wiki iliyofuata sikuwasha hata moja. Tulishuka hadi soko la Kariokor, kwa shosho mmoja, yaani bibi, asukaye viondo, vile vikapu vya mkonge, tukamwomba aketi nasi asubuhi nzima.

Kiondo huanzia kitakoni. Nyuzi za mkonge hupishanishwa katikati na kutandazwa kama miale ya jua, kisha nyuzi mbili nyingine huanza kuzunguka, zikisokotana kila zinapopita uzi uliosimama. Mzunguko wa kwanza unatosha kwenye kiganja. Kadiri kitako kinavyopanuka, ndivyo ile miale inavyoachana, na shosho alipoona mwanya umezidi, alichomeka uzi mpya akaendelea. Hakuna aliyezungumza. Kisha yule mvulana akauliza swali lake tena, safari hii kwa shosho: "Unajuaje kwamba umemaliza?"

Shosho alitandaza mkono wake ubavuni mwa kiondo, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. "Shubiri moja na nusu. Kila nikizunguka napima. Haijafika, nazunguka tena."

Kwa maoni yangu hilo ndilo somo bora la kitanzi, yaani kazi ambayo programu huirudia hadi iambiwe iache, lililowahi kutolewa kwenye darasa letu, na halikutolewa nami. Sharti la kuendelea, kazi inayorudiwa, kipimo kinachobadilika kila raundi, na ndani yake uamuzi mdogo: mwanya ukizidi, ongeza uzi. Yote yalikuwa mkononi mwake. Na lilikuja la ziada ambalo sikulitarajia. Akiwa katikati ya pambo la rangi nyeusi, shosho alisita, akahesabu kwa midomo, akaanza kufumua. Alifumua mizunguko mitatu. Msichana mmoja akamwambia kosa liko pale juu tu, anaweza kulirekebisha hapohapo. "Hapa ndipo ninapoliona, mwanangu," shosho alimjibu. "Lilianzia kule chini."

Nimeajiriwa kuandika programu kwa miaka kadhaa, na sijasikia mtu akieleza vizuri zaidi kazi ya kusaka hitilafu.

Wapo walimu wenzangu wanaoniambia kwamba sanaa ni sukari ya kumezea dawa: inawachangamsha watoto, kisha tunarudi kwenye kazi yenyewe. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwaka 1804 Mfaransa Joseph Marie Jacquard alitengeneza mtambo wa kufuma uliopokea maagizo kupitia kadi zenye matundu, na Charles Babbage wa Uingereza akaichukua kadi hiyohiyo alipobuni mashine yake ya kukokotoa. Ada Lovelace, alipoieleza mashine hiyo mwaka 1843, aliifananisha waziwazi na mtambo wa Jacquard: huu unafuma maua na majani, ile inafuma aljebra. Kwa hiyo ninapompeleka mtoto kwa msusi sitafuti mfano wa kuazima. Kompyuta ndiyo iliyoazima kwa wafumaji.

Ila mifano haifanani kwa ubora, na hapa ndipo wengi wetu tunapowaponza watoto. Wanaoanza huambiwa kwamba kigeu, yaani jina linaloshika thamani ndani ya programu, ni sanduku: liandike jina, tia kitu ndani. Nilirithi mfano huo nikautumia miaka miwili, na ulinigeuka kila tulipofika kwenye orodha. Katika Python, ukiipa orodha moja majina mawili kisha ukaibadilisha kupitia jina la kwanza, hata la pili linaonyesha mabadiliko. Mtoto mwenye masanduku mawili kichwani hawezi kuelewa hilo. "Nimegusa sanduku la kwanza, mbona la pili limebadilika?" Ana haki ya kushangaa. Tulimdanganya.

Siku hizi nawapeleka Moi Avenue, kwenye sanamu ya mwanasiasa Tom Mboya, aliyeitwa pia TJ, iliyozinduliwa mwaka 2011, karibu na mahali alipopigwa risasi mwaka 1969. Mmoja akisema "tupatane kwa Mboya" na mwingine aseme "tupatane kwa TJ", watakutana chini ya sanamu ileile. Nawauliza: tukimfunga Mboya skafu shingoni, TJ atakuwa na skafu? Wanajibu kwa pamoja, na tukirudi kwenye skrini hakuna anayeshangaa tena. Ukitaka sanamu mbili, sharti fundi aunde ya pili. Katika programu pia, nakala haiji kwa kuongeza jina. (Na wengine kati yao ndiyo mara ya kwanza kusikia Mboya alikuwa nani. Dakika hizo haziendi bure.)

Kamukunji, katikati ya kelele za nyundo za jua kali, fundi wa masanduku ya shule ana kipande cha bati alichokikata kwa vipimo. Hakiuzi. Anakilaza juu ya bati jipya, anachora, anakata, anakunja. Kutoka kwenye kipimo hicho kimoja hutoka masanduku yote, kila moja na rangi yake, kufuli lake na jina la mwanafunzi wake. Anayejua programu ameshaona ninakoelekea: ndani ya programu pia kielelezo ni kimoja, vitu vinavyozaliwa kutokana nacho ni vingi, na kupaka kimoja rangi hakukipaki kingine.

Uchongaji siutumii sana, ijapokuwa ndio watu huutaja kwanza. Jiwe la sabuni la Tabaka, kule Kisii, halirudishi kilichobanduka, ilhali programu hufutwa na kuandikwa upya mara mia. Nalileta tu tunapozungumzia hatua zisizo na marejeo, kama kufuta data za watu.

Udongo wa mfinyanzi ndio usiokosekana. Bei yake ni ndogo, na stima ikipotea somo linaendelea. Wawili wanaketi wakipeana migongo. Mmoja ameshika kinyago cha kifaru, mwenzake ana bonge la udongo, na wa kwanza anatoa maagizo kwa maneno matupu. "Weka miguu minne." Mwenzake akaipanga yote upande mmoja. Alitii kikamilifu. Msanii Mmarekani Sol LeWitt alianza mwaka 1968 kubuni michoro ya ukutani ambayo wengine waliichora kwa kufuata maagizo yake, na nafasi aliyowaachia wachoraji ilikuwa sehemu ya kazi. Kompyuta nafasi hiyo haina cha kuijazia. Mtoto aliyemwona kifaru wake akianguka kwa sababu ya maneno "mmoja kila pembe" yaliyokosekana, anayaandika maneno hayo maisha yake yote.

Kinachoniuma ni kwamba mtaala wetu wa umilisi unamtaka anayeingia Gredi ya 10 achague njia moja kati ya tatu, na sanaa na michezo ziko njia yake, sayansi na teknolojia njia nyingine. Mtoto wa miaka 15 anaambiwa achague mkono mmoja. Nawasihi walimu wa kompyuta wasiusubiri mtaala. Kawaiteni mafundi, na muwalipe kama walimu. Sisi shosho tunamlipa posho ileile anayopewa mhandisi anayekuja kutuhutubia.

Tulipokuwa tunaondoka siku ile, shosho aliwauliza watoto kama mashine yao inaweza kumwambia mapema atahitaji mkonge kiasi gani akipata oda ya viondo thelathini vya shubiri mbili. Yule mvulana wa swali la mwisho aliandika programu inayojumlisha urefu wa kila mzunguko, kuanzia kitakoni hadi mdomoni. Shosho alilitazama jibu, akatikisa kichwa: uzi utaisha kabla kiondo hakijafika nusu. Ilichukua wiki mbili mvulana kugundua kwamba nyuzi zinazosokotana hula urefu zaidi ya mzingo wenyewe, na kwamba kiasi hicho hutegemea mkono wa msusi. Jumamosi hii anarudi Kariokor na futi ya fundi wa nguo.