Ardhi yetu hailali Desemba

Juzi binamu yangu wa Dar alituma picha kwenye grupu la ukoo. Nyumba ya mbao, theluji hadi dirishani, mshumaa unawaka, na maneno haya: "Mwaka umeisha. Tulia, pumzika, shukuru." Chini yake akaandika kwamba anakuja kijijini tarehe 23, yeye na watu wanane, na mama asisahau kuku wa kienyeji.

Nilisoma ujumbe huo nikiwa shambani. Mbele yangu mama alikuwa ameinama, anadondosha mbegu za uwele shimoni na kufukia kwa unyayo. Ana miaka sitini na minane. Nilikasirika, na hadi leo hasira haijaniisha.

Wenye theluji yao siwalaumu. Kwao tarehe 21 Desemba au karibu na hapo ndiyo siku yenye mchana mfupi kuliko zote, udongo umeganda, mavuno yalishaingia ghalani, na ukitoka na jembe utalima nini? Ardhi yao inalala, nao wanalala nayo.

Yetu ndiyo kwanza inaamka. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua. Unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, Aprili umekwisha, na mvua yote ya mwaka mara nyingi haifiki milimita 600. Tena katikati hapo, Januari au Februari, mvua hukatika na jua kurudi kali wiki mbili, tatu. Mche uliochelewa kuota unakaukia hapo hapo. Ndiyo maana mvua ya kwanza ya kueleweka ikinyesha usiku, asubuhi kijiji kizima kiko shambani. Asiye na ng'ombe wa kulimia wala hela ya trekta anaberega, yaani anakwangua udongo juu juu bila kulima, anatia mbegu.

Muda wetu wa kupumzika upo, na wazee waliujua vizuri: Julai hadi Septemba, magunia yamepangwa ndani, ndipo harusi zinafungwa na akina mama wanapiga ngoma ya muheme mpaka vumbi linatimka. Miezi hiyo hatuji. Tunakuja Desemba kwa sababu ofisi na shule zimefungwa, na tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024 tunakuja wengi zaidi.

Sasa tazameni siku ya mama wakati sisi "tumepumzika". Anaamka saa kumi na moja, anakwenda shamba. Saa nne anarudi na tope miguuni, anakuta watu wazima wamekaa chini ya mkwaju wanaulizana chai itatoka saa ngapi. Anawasha moto. Maji ya kuoga ya watu tisa, na bomba liko mbali. Kuku, mchele wa kuchambua, mlenda kwa wale wanaosema wameukumbuka mlenda. Vyombo. Saa kumi jioni angerudi shambani, lakini hajamaliza, na udongo wenye unyevu haumsubiri mtu. Usiku analala wa mwisho, mkekani, kwa sababu kitanda chake amewapisha wageni. Halafu tunapiga naye picha, tunaandika "asante Mungu kwa mama", tunaondoka tarehe 2.

Hiyo siyo shukrani. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo zaidi ya miaka kumi, na inaniuma kuiandika.

Na chakula chenyewe. Desemba ndipo ghala linapoanza kuonyesha sakafu, na mavuno mapya yako mbali, Aprili au Mei huko. Bibi yangu hakuvumilia kuona ugali umebaki kwenye sahani. Mama yake alikuwa mtoto wakati wa Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, wakati vita vya Wazungu vilipokomba nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo huku mvua nazo zikigoma. Bibi alikuwa anakusanya punje zilizomwagika kinuni, moja moja, kimya. Nikisikia neno shukrani, naviona vile vidole vyake. Mgeni anayekuja na sukari, mchele na mafuta yake anaielewa nyumba anayoingia. Anayekuja mikono mitupu mwezi huu anakula mbegu.

Najua, watu wa mjini wamechoka. Foleni, kodi, bosi. Sawa, nakubali, wapumzike. Ila wasimchoshe mwingine ili wao wapumzike.

Mwaka jana nilijaribu jambo. Nilitangulia siku mbili, nikabeba unga na maharage, na alfajiri nikachukua jembe kabla mama hajalishika. Hakusema kitu. Tulipanda mtama, mimi nachimba, yeye anatia mbegu, na katikati ya mistari akaanza kunisimulia mambo ya baba ambayo sikuwahi kuyasikia tangu tumzike. Udongo ulikuwa unanukia. Simu niliiacha nyumbani. Kwa mara ya kwanza mwaka ule kichwa changu kilinyamaza, nikaweza kuhesabu nani bado yupo, nani hayupo, nani nilimkosea na sijamwambia. Sijawahi kuyapata hayo nikiwa nimelala.

Tarehe 25, tulipotoka kanisani, tulipika sisi, wanaume wa nyumba ile. Wali uliungua chini. Mama alikaa kwenye kigoda, hajui mikono aiweke wapi, akasimama mara tatu kuja jikoni na mara tatu shangazi akamrudisha. Saa nane alijinyoosha chini ya mkwaju, khanga usoni, akalala hadi jua linazama. Shangazi aliwafukuza watoto wote wakachezee mbali.

Binamu nimempigia jana, nimemwambia yote haya. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama majembe yapo ya kutosha. Yapo manne. Eka moja ya karanga bado haijaguswa, na usiku huu upande wa Mvumi kuna radi.