Baiti 2,048 na vifaranga wa Uyole

Baridi ya Juni na Julai kule Uyole, Mbeya, haina huruma kwa kifaranga. Wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na jiko la mkaa likizimika usiku, asubuhi unaokota waliokufa. Mpwa wangu aliamua kupima joto la bruda yetu, yaani banda la kulelea vifaranga, kwa Arduino Uno, bodi ya kompyuta ndogo unayoiandikia programu mwenyewe, akitaka kuhifadhi kipimo cha kila dakika kwa saa 24. Hapo akakwama.

Chipu ya bodi hiyo, ATmega328P, ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 2,048 tu; baiti ni kijisehemu cha kumbukumbu kinachobeba namba ndogo moja. Siku ina dakika 1,440. Joto la nyuzi 34.6 ukiliandika kama 346 linadai baiti mbili, kwa sababu baiti moja inaishia 255. Jumla ni baiti 2,880, hazienei. Alihangaika jioni mbili, kisha akagundua kwamba ndani ya dakika moja joto halibadiliki sana. Akahifadhi kipimo cha kwanza kizima, na baada yake tofauti tu, baiti moja moja. Zikawa 1,441.

Sijawahi kumwona na furaha ile akiwa na simu, ingawa simu yake inaizidi bodi hiyo kwa mbali. Kwenye simu yeye ni mgeni. Ndani yake kuna mamilioni ya mistari ya programu ambayo hakuna mtu mmoja anayeijua yote. Kwenye Uno anajua kila baiti inalala wapi. Huo ndio mvuto wenyewe, na nauheshimu.

Lakini wanaopinga kuhangaika na bodi ndogo hivi wana hoja nzito. Raspberry Pi Pico, bodi nyingine ya aina hii, ilitoka mwaka 2021 kwa dola 4, ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 264, yaani zaidi ya baiti laki mbili na nusu. Kwa nini kijana apoteze jioni mbili kubana kitu ambacho bodi ya bei hiyo inakibeba bila jasho? Na mwajiri atakayemwita kwenye usaili huenda asiulize habari za baiti hata mara moja.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Mwingereza aliyekulia na ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1982, yenye kilobaiti 16 au 48, leo akiirudia ameuchagua ule uhaba; kompyuta kubwa iko mezani pembeni. Mwanafunzi wa huku mara nyingi hakuchagua. Tukianza kusifia udogo kupita kiasi, tutawapa watu sababu ya kuziacha maabara zetu hivyo zilivyo. Hapo nakataa kabisa. Mchezo huu unafaa ukiwa nyongeza ya kompyuta nzuri, si badala yake.

Kwa ajili ya vifaranga peke yao, ningenunua Pico leo. Kwa ajili ya mpwa wangu, Uno ibaki kwanza. Umeme ukikatika rekodi zake zote zinafutika, na sehemu isiyofutika ambayo programu yake inaweza kuandikia ndani ya chipu ile ni baiti 1,024, ndogo kuliko zile 1,441. Jana usiku nilimkuta kando ya jiko la bruda, daftari magotini, anagawanya.