Wengi hatuanzi na sera

Kuna makala nimesoma kuhusu watu wanavyochagua chama cha kupigia kura, mwandishi wake anasema mpiga kura analinganisha sera za vyama halafu ndo anachagua. Mi naona kwa wengi inakuwa kinyume, chama unakuwa nacho tayari, umekikuta nyumbani kwa wazazi au kwa watu unaosali nao, sera unakuja kuzitafutia sababu baadaye. Na hili sio la leo, mwaka 1940 mtafiti wa mambo ya jamii Paul Lazarsfeld na wenzake waliwafuatilia wapiga kura wa kaunti ya Erie, Ohio kule Marekani, wakawa wanawahoji watu walewale kwa miezi mpaka uchaguzi, wakakuta kampeni inawageuza wachache tu, wengi inawakaza palepale walipokuwa, na maneno ya watu wa karibu yana nguvu kuliko redio na magazeti.

Ndo maana nakipenda sana kile kitu cha Wajerumani, Wahl-O-Mat, kipo mtandaoni tangu 2002, unapewa hoja mojamoja unabonyeza nakubali, sikubali au sina upande, na wakati unajibu huoni chama gani kimesema nini, mwisho ndo inakuonyesha umekaribiana na nani. Unaweza kushtuka ujue! Haikuambii umpigie nani ila inakulazimisha ufikirie jambo lenyewe kwanza.

Hasira za maisha magumu nazo zinaamua, na kumwadhibu aliyepo madarakani ni haki yako kabisa, lakini jamani anayekuja naye fungua basi ilani yake, hasa pale kwenye kodi na hospitali, uone ameandika hela atatoa wapi.