Mzee apimwe uwezo wa kuendesha, asihukumiwe kwa mvi

Kila ajali ikimhusisha dereva mwenye mvi, maoni mitandaoni huwa yale yale: wazee wanyang'anywe leseni. Mimi napinga. Napinga pia ukimya wa majumbani mwetu, ambako kila mtu anaona baba hawezi tena usukani na hakuna anayefungua mdomo kwa kuogopa kumvunjia heshima.

Yuko mzee wa miaka 78 anayeendesha vizuri kuliko mwanawe, na yuko wa 62 aliyepata kiharusi ambaye hafai kuwa barabarani. Kinachopungua zaidi ni uwezo wa ubongo kushughulikia mambo mengi kwa mpigo. Chukua kukata kulia kwenye makutano yasiyo na taa hapa Dar es Salaam, jioni: ukadirie kasi ya daladala inayokuja, umwone bodaboda anayepenya kushoto, umwangalie mama anayevuka na ndoo kichwani, kisha uamue papo hapo. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa ajali za madereva wazee hutokea zaidi kwenye makutano, hasa wanapokata mbele ya magari yanayokuja. Na mwili wa mzee hauhimili kishindo kama wa kijana.

Kumbukumbu hutupumbaza. Mzee anakusimulia alikuwa wapi Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, na nani alikaa pembeni yake, nasi tunasema akili yake bado kali. Mambo ya zamani huchelewa sana kufutika, wakati wepesi wa kuamua ulishaanza kushuka kitambo. Afadhali utazame gari. Mikwaruzo mipya kwenye bampa, saiti mira iliyoshikizwa kwa gundi, nguzo ya geti iliyobanduka rangi. Msikilize na mama kwenye kiti cha mbele: "Mzee, pikipiki hiyo! Simama!" Mama akishageuka utingo wa gari la nyumbani, suala limeiva.

Japani, tunakoagiza magari yetu mengi, walijifunza kwa msiba. Aprili 2019, mtaa wa Ikebukuro jijini Tokyo, dereva wa miaka 87 aliwagonga na kuwaua mama na bintiye wa miaka 3. Alishikilia kwamba gari lilikuwa na hitilafu. Mahakama ikaona alikanyaga mafuta akidhani ni breki, na mwaka 2021 ikamhukumu kifungo cha miaka 5. Huko, anayehuisha leseni akiwa na miaka 75 au zaidi huonyeshwa picha 16, hupewa kazi nyingine katikati, kisha huulizwa ameona nini. Huulizwa pia tarehe, siku na saa. Akipata chini ya alama 36 kati ya 100, lazima aonwe na daktari. Tangu Mei 2022, mwenye makosa fulani ya barabarani sharti pia aendeshe gari mbele ya mtahini. Kwangu hilo la mwisho ndilo zuri kuliko yote, maana picha hupima kumbukumbu, na barabara inataka zaidi ya kumbukumbu.

Uingereza wanahuisha leseni kila miaka 3 kuanzia umri wa miaka 70, lakini dereva hujieleza afya yake mwenyewe. Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth, aliendelea kuendesha hadi miaka 97, akagongana na gari lingine karibu na Sandringham Januari 2019, na mwezi uliofuata akarudisha leseni. Siuamini utaratibu huo, kwa sababu anayeanza kupatwa na dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu na uamuzi, mara nyingi hajioni kama ana tatizo.

Kwa hiyo umri utumike kumwita mtu kwenye kipimo, basi. Na kipimo kinaweza kumrudisha barabarani: mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, dawa za usingizi hubadilishwa, sukari inayoshuka ghafla hudhibitiwa. Hata Piriton aliyoimeza kwa ajili ya mafua inatosha kumsinzisha.

Daktari na mtahini ndio waseme "inatosha", ili mtoto asionekane mnyang'anyi kwa baba yake. Familia nayo ina lake la kufanya kabla ya siku hiyo: wakae wakubaliane nani atampeleka mzee msikitini au kanisani, nani kliniki, nani shambani, na nauli ya bajaji itatoka kwa nani.