Mvua Ndani ya Hema

Kipupwe kinapoingia Nairobi, kati ya Juni na Agosti, jua hujificha nyuma ya mawingu kwa siku nyingi mfululizo, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Mtu aliyezaliwa Murang'a huiita hali hiyo ubaridi kidogo. Mtu aliyezaliwa Mombasa, akazeekea ndani ya ngalawa, huiita balaa, na mjomba wangu ni wa kundi hili la pili. Alikuja kwetu South C mwezi wa Julai kwa sababu mpwa wake mwingine alikuwa akioa, na pia kwa sababu upepo wa kusi ulikuwa umeichafua bahari kiasi kwamba wavuvi wa vyombo vidogo walikuwa wameketi barazani wakishona nyavu. Kabla hajafika, nyumba yetu ya vyumba viwili ilikuwa imekwisha kujaa mashangazi, watoto wao, na masanduku ya nguo za harusi. Nafasi pekee iliyosalia ilikuwa uani.

Hapo ndipo nilipokumbuka hema la shemeji. Ndugu ya mke wangu anaishi Minnesota, jimbo la Marekani ambako maziwa huganda wakati wa baridi mpaka watu hutembea juu yake, wakatoboa barafu kwa keekee kubwa, wakaketi juu ya vigoda na kuteremsha mshipi tunduni. Ili upepo usiwamalize, hutega hema juu ya tundu, na ndani ya hema huwasha hita ndogo ya gesi. Shemeji aliponunua hema jipya, lile la zamani alilitia ndani ya kontena pamoja na baiskeli za watoto, nalo likatufikia South C na kukaa stoo bila kazi, maana Bwawa la Nairobi limewahi kujaa magugumaji lakini halijapata kuganda.

Mjomba alilizunguka lile hema, akainama, akachungulia ndani, kisha akauliza sakafu iko wapi. Nilimweleza kwamba hema la aina hii kwa kawaida halina sakafu, kwa sababu mvuvi hukaa juu ya barafu yenyewe, na ndiko liliko tundu la samaki. Alinitazama kwa huruma. Ilibidi nimpigie shemeji simu ili athibitishe.

"Hiyo barafu ina unene gani hata mtu asitumbukie?" Mjomba aliuliza baada ya salamu ndefu.

"Inchi 4 za barafu safi zamtosha mtu anayetembea, Mjomba. Gari dogo lataka 9 au 10."

"Gari? Juu ya maji?"

"Ndiyo, Mjomba. Wengine huenda kuvua kwa gari."

Mjomba alinirudishia simu. "Mwanangu," akasema, "mvuvi aliye na gari hana shida ya samaki. Huyo ana shida nyingine."

Baada ya hayo yote alikubali kulala humo, kwa sharti kwamba pawe na joto, na jukumu la kulitafuta hilo joto likaniangukia mimi. Shangazi mkubwa alishauri jiko la makaa, nami nikakataa katakata, kwa kuwa makaa yakiwaka mahali palipofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, na hapa kwetu watu hufa kwa jiko la makaa wakati wa baridi wakiwa wamelala tu. Hita ya umeme nayo ingehitaji waya wa kupita juu ya nyasi zilizolowa umande, mbali na kwamba tokeni zetu zilikuwa zikiliwa na pasi za nguo za harusi tangu alfajiri. Ilibaki gesi, na hasa ile hita ndogo ya kubebeka ambayo shemeji aliisifia kwa kirefu kila nilipompigia.

Maelekezo yake yalikuwa ya kitaalamu. Alisema nisidanganywe na ukubwa, kwamba hema la mita mbili kwa mbili linatoshwa na hita yenye nguvu ya BTU (kipimo cha joto) 4,000 kwa saa, na kwamba nikitaka anasa ninunue ile inayopandishwa hadi 9,000, ambayo ni kama kilowati 2.6. Alisisitiza iwe na kifaa cha kujizima pale oksijeni inapopungua, na kingine cha kuizima ikipinduka. Nilivinakili vyote hivyo, nikashika matatu kwenda mjini.

Muuzaji wa kwanza alinionyesha ule mwavuli wa chuma ambao mikahawa huuweka nje kuwapashia joto wateja. Nilipomwambia kwamba ni wa mtu mmoja ndani ya hema, alipendekeza niukate miguu. Wa pili alikuwa na kabati la magurudumu linalomeza mtungi mzima wa kilo 13, akaniapia kwamba lingepasha ukumbi wa harusi. Nikamjibu kwamba ukumbi wa harusi tumeshalipia na hauna shida ya baridi. Wa tatu, katika kibanda cha vitu vikuukuu vya ng'ambo, alikuwa na hita yenyewe hasa, nyekundu, yenye mpini juu na vifaa vyote vya usalama alivyovitaja shemeji, pamoja na kijitabu chake. Mimi ni mtu wa kusoma vijitabu. Nilisimama palepale nikakuta onyo kwamba juu ya futi 7,000 kutoka usawa wa bahari hita hiyo huenda ikajizima, kwa sababu kule juu hewa ni nyepesi na kile kifaa hudhani oksijeni imekwisha.

"Nairobi ni bonde, hakuna shida," alisema muuzaji.

Nairobi si bonde. Iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, yaani futi 5,900 hivi. Hata hivyo bado ilikuwa chini ya kile kipimo, nikalipa.

Tatizo likawa mdomo wa hita. Ilitengenezwa kwa ajili ya vile vichupa vya propeni vya Marekani vyenye uzito wa ratili moja, ambavyo mtu hawezi kuvipata kwa muuza gesi wa mtaani, ilhali mimi nilikuwa na mtungi wa kilo 6 wa kupikia chai. Gesi yenyewe haikunitia wasiwasi. Wavuvi wa Minnesota hung'ang'ania propeni kwa sababu buteni hugoma kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri, wakati propeni huendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Gesi yetu ni mchanganyiko wa hizo mbili, na kipupwe cha South C, licha ya malalamiko ya Mjomba, hakijafika huko. Kilichohitajika ni mpira na kiungo, na fundi akavichonga na kuviunganisha kwa ustadi ambao sikuwa na sababu ya kuutilia shaka mpaka nilipomuuliza tutajuaje kama panavuja. Alitia mkono mfukoni akatoa kiberiti.

Nilijikuta ng'ambo ya barabara, nimeikumbatia hita. Kutoka huko nilimsihi kwa sauti ya juu atumie mapovu ya sabuni kama watu wengine, naye, huku akicheka na wenzake, akaomba sabuni kwa mama wa mkahawa, akapaka viungo vyote, na mapovu hayakufura. Alinitoza na bei ya sabuni.

Usiku ule mtungi uliwekwa nje ya hema, mpira ukapitishwa chini ya pindo, na hita ikawaka kwa mng'ao wa kupendeza. Nilimweleza Mjomba masharti: matundu mawili ya hewa, la juu na la chini, yabaki wazi muda wote, na hita izimwe kabla ya kulala.

"Nifungue dirisha nipate baridi," alisema polepole, kama anayehakikisha amesikia vizuri, "kisha niwashe moto ili niiondoe hiyo baridi?"

"Ndivyo, Mjomba."

"Haya."

Nilikuwa sijavua viatu aliponiita. Hita ilikuwa imezimika. Niliiwasha tena, nikarudi ndani, akaniita tena. Mara hii Mjomba alitamka wazi kwamba kitu kile kina jini, kwa kuwa hakuna aliyekigusa na hata upepo haukuingia. Neno hilo la upepo ndilo lililonizindua. Niliinua taa, nikaona kikoi chake kimesokomezwa barabara ndani ya tundu la juu, na kile cha akiba kimeziba la chini, na nafasi iliyobaki chini ya pindo imezungushiwa taulo zetu zote. Hita ilikuwa imefanya kazi yake: oksijeni ilipopungua, kile kimoto kidogo cha kuwashia kiliondoka kwenye ncha inayohisi joto, na gesi ikajifunga yenyewe. Nilitaka kumweleza haya, lakini alikuwa akisoma dua ya kufukuza mashetani, nikaona si adabu kumkatiza. Nilizibua matundu, nikawasha, nikapanda kitandani.

Saa nane usiku tukaamshwa na sauti iliyozoea kupasua mawimbi.

"Mvua! Jamani, mvua kubwa!"

Nilitoka mbio kwenda kuanua nguo za harusi zilizokuwa kambani. Nje palikuwa pakavu kabisa. Mjomba naye alitoka hemani, shuka kichwani, akainua kiganja juu, akangojea, akakitazama. Akarudi ndani. Tukasikia tena: "Mvua!" Akatoka. Kukavu. Mashangazi walikuwa wamejipanga mlangoni wakimtazama akiingia na kutoka, na mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama mzee alikula nini jioni.

Niliingia mwenyewe, na tone likanipiga utosini. Dari lote lilikuwa likitiririka. Godoro limelowa, na katikati ya hema palipangwa sufuria mbili za mke wangu, beseni na kopo la chooni, vyote vikipokea maji kwa milio tofauti. Hita, ambayo ilipaswa kuwa imezimwa tangu saa nne, iliwaka kwa nguvu zake zote.

Nilimpigia shemeji, ambaye kwao ilikuwa saa kumi na mbili jioni, naye akacheka mpaka simu ikakwaruza. Alieleza kwamba gesi ikiungua hutoa mvuke, na kwamba kilo moja ya gesi hiyo huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Hita ya BTU 9,000 ikikesha, inamimina hewani lita mbili na ushei, nazo zikikutana na dari la kitambaa chembamba lililopoa, hugeuka matone. Kwao, alisema, huganda kwanza darini na kuanguka baadaye. Nilimuuliza kwa nini hakunitajia hayo wakati aliponihesabia BTU. Akasema wavuvi huwa wamevaa makoti ya mvua.

Mjomba alisikiliza yote kwenye spika. "Kwa hiyo," akasema, "nimetoka baharini, nikapanda treni, nikaja kulowa kwa maji ya moto."

Alihamishiwa sebuleni, kati ya masanduku mawili, akapewa mablanketi yote ya nyumba, na asubuhi uji ukachelewa kwa kuwa sufuria zilikuwa bado uani. Harusi ilifana. Habari tunazopata kutoka Mombasa ni kwamba huko barazani watu wanasimuliwa mji ambao mvua hunyesha ndani na nje pakabaki pakavu, na kwamba msimulizi anao mashahidi.

Mimi hita ile bado naitetea, kwani kila ilichofanya kimeandikwa kijitabuni, lakini mke wangu alitaka stoo yake, nikaiuza kwa bwana mmoja aliyeniambia anakaa hapa hapa Nairobi. Wiki iliyofuata alinipigia simu kwa hasira kwamba nimemuuzia kitu kibovu: inawaka kidogo, inazimika, na madirisha yote yako wazi. Nilimuuliza yuko wapi kwa sasa.

"Nyumbani kwa wazee, Limuru."

Nilimweleza kuhusu zile futi 7,000, nikamshauri ateremke nayo hadi Uthiru, ambako ingewaka bila tatizo lolote.

"Na wazee," akauliza, "niwateremshe pia?"